Swali la Nane

Clovis alikuwa mtu wa kuota ndoto macho wazi, na mimi niliyekaa naye meza moja miaka miwili najua ninachosema. Ukimwambia mvua inakuja, anatazama juu, halafu anabaki hukohuko. Kila Jumapili baada ya misa alikunja suruali hadi magotini, akashika viatu mkononi na kutembea kando ya ziwa, hapa Uvira, kutoka mto Mulongwe hadi Kavimvira, maji yakimlowesha miguu, harufu ya ndagala, vile visamaki vidogo, walioanikwa ikimfuata njia nzima. Nilipomuuliza anafuata nini huko, alisema, "Natembea tu, dada Sidonie. Ziwa haiulizake mutu kitu."

Kazi yetu sisi ilikuwa kuuliza. Ulikuwa wakati wa vita vya pili vya nchi yetu. Watu wa bonde la Ruzizi walikimbia mara nyingi, wengine milimani, wengine ng'ambo ya ziwa, na katika kukimbia huko watoto walipotea. Shirika moja lilitupa chumba mtaa wa Mulongwe, kompyuta moja na jenereta yenye kikohozi. Mimi nilijaza fomu kwa kalamu, Clovis akaziingiza kwenye mashine. Kila Alhamisi boti ilileta disketi kutoka ofisi nyingine za ziwani, zimefungwa ndani ya kopo la maziwa ya unga zisilowe, zikiwa na majina ya watoto waliookotwa huko. Mashine ililinganisha majina ya watoto na yale yaliyotolewa na wazazi. Yasipofanana, iliandika: Hakuna.

Programu yenyewe ilitengenezwa mbali, na watu ambao nadhani hawajawahi kuongea na mtoto wa Sange, kule bondeni. Ilitaka jina la familia. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe: baba ni Ndayiragije, binti ni Ninahazwe, mdogo wake ana jina jingine kabisa, na wote ni wa nyumba moja. Tena mtoto wa miaka mitano ukimuuliza mama yake anaitwa nani, anakuona mjinga. "Mama," anakujibu. Ndani ya mashine ile tulikuwa na Mami thelathini na mmoja, maana wasichana wengi waliopewa jina la bibi huitwa Mami nyumbani, na mama zao wote waliitwa Mama.

Inamahoro, muuza mchele wa Sange, alikuja mwezi wa tatu. Binti yake, Ninahazwe Dorine, wa miaka mitano, alimponyoka mkononi barabarani risasi zilipoanza kulia. Mama akafika Uvira peke yake. Mtoto alikokotwa na watu waliokuwa wakikimbia, hakuna aliyejua upande gani. Clovis aliandika jina. Hakuna. Mama yule akarudi Alhamisi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Hakulia. Alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, akasubiri boti kama mtu anayesubiri zamu yake bombani. Mimi ndiye niliyelia, huko nyuma nikichemsha chai, na sioni aibu kusema.

Nadhani ni yeye aliyemtoa Clovis ndotoni, au tuseme alimsukuma ndani zaidi. Mchana, Mkubwa wetu alipokwenda kula, Clovis alianza kuifungua ile programu. Mkubwa alikuwa amekataza: ni kazi ya wataalamu, isiguswe. Clovis, aliyejifunza mashine parokiani kwa kusoma maelezo ya Kifaransa mstari kwa mstari, alisema anataka tu kuona vyumba vya ndani. Siku moja akavuruga kila kitu. Majina mia nne yakatoweka, tukashinda kutwa tukiyarudisha kutoka kwenye disketi, nikamtukana kwa lugha tatu. Alinisikiliza kwa upole. Kesho yake akaifungua tena.

Wiki hiyohiyo kisanduku kipya kikatokea kwenye skrini, chini ya maswali saba ya shirika. Swali la nane: Siku ya Mungu mulikuwa munatembea wapi?

"Weye iko na kichaa," nikamwambia. "Batu iko mu vita, weye unauliza mambo ya kutembea?"

"Mutoto hajuwe jina ya mama yake," akasema. "Lakini fasi, pahali alikuwa na furaha, ile hawezi kusahau."

Akanakili programu yake kwenye disketi, akawaandikia wenzetu wa ofisi zote wawaulize watoto, kopo likaondoka na boti.

Majibu yakaanza kuja. Baba alinibeba begani tukaona viboko. Tulikaa kwenye daraja tukahesabu malori. Shangazi alinivalisha viatu vyeupe, akanikataza kukanyaga mchanga. Nilikuwa nayasoma taratibu, chai inapoa, na chumba chetu kile chenye joto kinajaa Jumapili za watu wengine. Kuna saa nilisahau kabisa kwamba kuna vita. Shangazi wa viatu vyeupe alipatikana wiki ya pili. Alicheka mpaka akateleza kwenye benchi.

Alhamisi hiyo Clovis akamgeukia Inamahoro, akamuuliza swali la nane. Kwa mara ya kwanza, machozi yakamtoka mama yule.

"Sisi hatukutembeaka, Papa Clovis. Benzake balikuwa banavaa vizuri, banaenda ku ziwa. Wangu nilimuchosha na kazi tu. Siku ya Mungu ilikuwa siku ya kufula magunia ya muchele ku mto, kule Runingu. Sikumupeleka fasi. Hata siku moja."

Clovis hakuuliza zaidi. Aliandika neno moja, magunia, akabonyeza. Jenereta ikakohoa. Nikajikuta nimeshika kona ya meza.

Fomu moja ikatokea, kutoka ng'ambo ya ziwa. Jina: Mami. Jina la familia: halijulikani. Jina la mama: Mama. Clovis akasoma la nane kwa sauti, polepole:

"Kila siku ya Mungu mama alinipeleka kutembea mtoni. Tulianika magunia juu ya mawe. Yakipata joto ninalala juu yake, mama anaimba. Mimi ndiye ninachagua jiwe."

Inamahoro aliomba arudie. Akarudia. Akaomba tena.

"Ku nyumba tunamwitaka Mami," akanong'ona. "Iko na jina ya mama yangu. Hamukuniuliza." Kisha, kwa kuwa hakujua kusoma, akaweka kidole kwenye kioo cha skrini. "Wapi imeandikwa kutembea?"

Clovis akausogeza mkono wake hadi kwenye neno lenyewe.

Mtoto alikuja na boti Alhamisi ya tatu baadaye. Tulikwenda wote kumpokea, Clovis na viatu vyake mkononi. Inamahoro alikuwa amekumbatia gunia lililofuliwa asubuhi ile, lina joto la jua bado. Dorine alishuka, amekonda, akasimama akimtazama mama yake, kisha akalitazama gunia. Akaligusa kwa kiganja, akageuka kuelekea kwenye mawe ya ufukweni, akaanza kuchagua.