Gesi ya Mavi na Mafiga ya Mama Mkwe

Wifi yangu ameshazeeka sasa, na watu huniambia nimwache. Siwezi. Kuna watu wanaotukanwa asubuhi na kufikia mchana wamesahau. Mimi tusi hunikaa kooni. Hapa nataka kusimulia habari ya gesi, jinsi alivyonifukuza jikoni kwa ajili yake mbele ya watu, na jinsi nilivyomlipa.

Niliolewa Mghange, juu mlimani, nikitokea Rukanga, chini ya mlima Kasigau, ambako jua halina huruma na maji hupimwa kwa kikombe. Huku juu nilikuta kila kitu kina unyevu: blanketi, unga, chumvi, na zaidi ya vyote, kuni. Siku nilipoingia nyumbani kwangu, mama mkwe alikuja na mafiga matatu aliyoyatoa jikoni kwake, akayapanga kwa mikono yake na kuwasha moto wa kwanza. Katika ukoo ule ndivyo bibi arusi alivyokaribishwa. Alikuwa mama mwema, na alipofariki nilimlilia kwa moyo wangu wote. Lakini mafiga yake yalinitoa machozi mengine, ya kila siku. Jiko halikuwa na dirisha, kuni zilikuwa mbichi, na macho yangu yalikuwa mekundu kiasi kwamba mzee wa kanisa aliwahi kuniuliza, kwa upole sana, kama nimeanza kunywa pombe.

Kuzipata kuni zenyewe kulikuwa vita. Msitu wa juu ulikuwa wa serikali, na askari wa misitu akikukuta unaacha mzigo na panga, na siku akiamka vibaya unafikishwa mahakamani Wundanyi. Ukiuogopa msitu, unashuka bondeni kuokota vijiti vya mti wa mtu huku ukiangalia nyuma. Binti yangu wa kwanza alianza kubeba kuni kabla hajajua kusoma. Asubuhi moja nikasikia tunakohoa kwa kupokezana, mimi jikoni na yeye kitandani, kikohozi kilekile kikavu. Nikaapa kwamba mtoto huyu hatakulia kwenye moshi.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya shamba la mkonge karibu na Voi, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni, na mafuta ya taa yalikuwa yamepanda bei mpaka watu wakarudi kulala pamoja na kuku. Safari moja alirudi akiwa ameona mtambo wa gesi kwenye maonyesho ya kilimo. Alinichorea kwa kijiti juu ya majivu. Unachimba shimo, unalijengea kwa matofali, unalijaza mavi ya ng'ombe yaliyokorogwa na maji, kisha unafunika kwa pipa kubwa la chuma lililopinduliwa. Gesi inajikusanya ndani, pipa linapanda, bomba linaileta jikoni.

"Na moshi?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Basi uza mtamba," nikamwambia.

Mtamba yule ndiye aliyekuwa tumaini letu la maziwa, na akageuka mabati mazito, saruji na bomba. Pipa mume wangu alilichomelea mwenyewe Voi. Lililetwa na lori hadi ilipoishia barabara, na wanaume wakalibeba kwenye mteremko wakipumzika kila walipofika mgomba wenye kivuli, nami nikawalipa kwa pombe ya miwa ambayo sisi Wakristo tulijifanya hatuioni. Tukajaza shimo, tukasubiri. Wiki zikapita, pipa halikujitingisha. Majirani walikuja kuchungulia wakiwa wameziba pua. Kisha siku moja nilikuta pipa limepanda, nikafungua bomba, nikawasha kiberiti, na moto wa buluu ukatulia chini ya sufuria bila sauti. Nililia tena, ila safari hii si kwa moshi.

Siku hiyohiyo niliyang'oa mafiga nikayaviringisha nje, kwenye migomba.

Hapo ndipo wifi anapoingia. Ni dada mkubwa wa mume wangu, na kwa kuwa aliolewa mlima uleule, hakuwahi kuondoka kwao sawasawa. Alipita akayaona.

"Wifi, hayo si mafiga ya mama? Yanafanya nini nje?"

"Yamestaafu," nikamjibu.

Hakucheka. Aliyatazama, akanitazama, akaenda zake. Siku chache baadaye nilipotoka kuchuma majani ya migomba nikakuta hayapo. Nikadhani kuna mtu ameyachukua kujengea ukuta, nikasahau.

Sitadanganya kwamba gesi ilikuwa raha tupu. Moshi ulikuwa umekwisha, lakini shimo lilikuwa na njaa kama mtoto. Kila asubuhi ndoo za mavi na ndoo za maji, unakoroga kwa mikono mpaka iwe kama uji, unamimina. Ng'ombe akiugua, gesi inaugua. Na ulipofika mwezi wa saba, ukungu ukikaa juu yetu bila kuondoka, pipa lilikataa kupanda. Shimo likiwa baridi halitoi kitu. Sima ilikuwa inaishia katikati kabla haijaiva, nami nikawa nachoma magunzi ya mahindi nyuma ya zizi, nikiomba upepo upeleke moshi upande mwingine. Upepo ulikuwa unaupeleka moja kwa moja kwa wifi.

"Naona moshi, wifi!" alikuwa anapaza sauti kutoka kwake. "Hiyo gesi yako imeenda livu?"

Hayo ningeyasamehe. Alichofanya kwenye harusi ya shemeji yangu mdogo ndicho sikukisamehe.

Kwetu, kukiwa na harusi au matanga, kila mke wa ukoo huja na mzigo wa kuni. Anautua uani, na mzigo huo ndio unaompa nafasi jikoni. Mimi sikuwa na kuni tena. Nilijiona mjanja, nikapika pure kwangu, mahindi na maharagwe yameiva yakalainika, nikaja na sufuria kubwa kichwani. Wifi alinipokea mlangoni mwa jiko la harusi.

"Kuni zako ziko wapi?"

"Nimeleta chakula kilichoiva."

Akachukua sufuria, akafunua, akanusa polepole ili watu wote waone ananusa. Kisha akatembea nayo mpaka walipokuwa mbwa, akaimwaga chini.

"Hapa hatuli chakula cha mavi," akasema. "Asiye na kuni akae na wageni."

Wanawake walicheka. Wengine ni wale niliowasaidia kuzaa. Nilikaa na wageni siku nzima, mikono mapajani, wakati wenzangu wanaimba jikoni. Binti yangu aliona yote. Jumatatu, shuleni, watoto walikuwa wameshampa jina, Mavi Moto, na jina hilo alirudi nalo nyumbani akaliweka mezani. Usiku sikulala. Nilimwambia Mungu anipe nafasi moja tu.

Alinipa. Ilichukua muda, lakini aliileta ikiwa imeiva.

Binti wa wifi alipata mchumba, na wakwe walikuwa wanakuja kutoka Taveta. Ilikuwa wakati wa mvua za masika. Wifi alikuwa amekusanya kuni nyingi kutoka msituni, na siku moja kabla ya wageni, askari wa misitu akaja akazibeba zote. Wapo waliosema mimi ndiye niliyempeleka askari. Si kweli. Lakini nilipoona lori lake likishuka na zile kuni, nilichemsha chai nikanywa vikombe viwili. Vijiti alivyobakiza vilinyeshewa usiku kucha.

Alfajiri alimtuma mtoto. Nikamrudisha. "Mwambie aje mwenyewe."

Akaja, kanga mpya, kitambaa cha kanisani kichwani.

"Wifi, nina wageni."

"Nimesikia."

"Kuni zimelowa."

"Pole sana."

Nilimwacha asimame. Pipa langu lilikuwa limepanda juu kabisa, analiona. Mwishowe akasema, "Nisaidie na hiyo gesi yako."

"Ni ya mavi, wifi. Wageni wako watakula?"

Akafunga kanga yake upya.

"Haya," nikasema. "Anayetaka kupikia kwangu, anakoroga kwanza. Ndoo ile pale."

Alidhani natania. Nilivuta kigoda nikakaa. Alikunja mikono ya blauzi, akainama na kanga yake mpya, akaingiza mikono mpaka viwikoni. Nilimwelekeza kwa adabu zote. Ongeza maji, wifi. Hapo kuna donge, wifi. Livunje kwa vidole. Sijawahi kukaa kwenye kigoda kitamu kama kile. Alipomaliza aliniomba jambo moja, wageni wasijue. Sikumjibu ndiyo wala hapana.

Wageni walikula wali, nyama na chai, wakasifu. Kisha mama wa bwana arusi akainua kikombe akasema, "Chai yenu haina harufu ya moshi hata kidogo. Nyinyi mnapikia nini?"

Wifi alinitazama. Nami nilikuwa nimesubiri siku hiyo tangu mbwa walipolamba pure yangu.

"Mavi ya ng'ombe, mama," nikasema kwa sauti ya kufika nje. "Na aliyeyakoroga leo asubuhi kwa mikono yake ni huyu wifi yangu."

Kikombe kilisimama hewani. Nilihesabu ushindi wangu mapema mno, maana yule mama alipasuka kicheko, akasimama, akataka apelekwe akaone. Kabla sijafungua mdomo, wifi alikuwa ameshamshika mkono. Alimwonyesha shimo, pipa na bomba, akimweleza kuhusu madonge kama mtu aliyezaliwa anakoroga. "Sisi huku kuni tumeacha zamani," nikamsikia akisema. Nilitamani kumsukuma ndani.

Pipa liliishi miaka michache tu baada ya hapo. Hakuna aliyetuambia kwamba chuma kikikaa kwenye mavi kinahitaji kupakwa rangi kila mwaka, na rangi yenyewe haikuwa bei ya kuku. Kutu ilianza pembeni, ikala, mpaka asubuhi moja nikasikia pipa linapumua kama mtu mwenye pumu. Mume wangu alikuwa ameshapunguzwa kazi Voi. Mtamba wa pili hatukuwa naye. Nilikaa siku tatu nikipika kwa magunzi nyuma ya zizi, nikiona aibu kuokota mawe ya kupikia.

Siku ya nne wifi alikuja na karai kichwani. Ndani yake mlikuwa na figa moja. Alilitua jikoni kwangu, akarudi kwake, akaleta la pili, kisha la tatu. Alikuwa ameyatunza miaka yote hiyo chini ya kitanda chake. Akayapanga pale alipoyapanga mama yake, akajifuta mikono.

"Nilijua yatarudi kazini," akasema.

Nilipikia mafiga yale miaka kadhaa. Nilirudi msituni, nikarudi kukohoa, na kwenye kila matanga nilifika na mzigo wangu kichwani nikautua miguuni pake, naye akanionyesha pa kukaa jikoni. "Karibu, wifi," alikuwa anasema, kila mara, kwa utamu uleule. Kila nilipopuliza moto nilimwona yeye kwenye moshi.

Binti yangu alisoma, akawa mwalimu Voi. Miaka ya themanini ilipokuwa inaisha aliniletea pipa jipya, limepakwa rangi nyeusi ndani na nje, na kopo la rangi la mwaka unaofuata. Lile jina la shuleni hakuwa amelisahau. Fundi alipokuwa anajenga upya ukingo wa shimo, niliyatoa mafiga jikoni, bado yana masizi, nikamwambia ayatie kwenye saruji, sehemu ya bapa juu, pale mkorogaji anapoweka miguu.

Masika yaliyofuata wifi alikuja na sufuria ya maharagwe, kuni zake zimelowa. Nikamwonyesha ndoo. Alifika ukingoni, akainamisha kichwa, akayajua.

"Wifi, haya si mafiga ya mama?"

"Ndiyo. Safari hii hayatapotea."

Akavua viatu, akaviweka kando, akapanda juu ya mawe akiwa miguu mitupu, akaanza kukoroga. Amekuwa akifanya hivyo kila anapokuja, hata kukiwa na baridi. Mimi huwa sivui viatu.