Tela la Kilo Mia Tisa

Idara ya Afya ya wilaya ilipenda kuwajulisha watumishi wote kwamba tela jipya la kliniki ya macho, lenye uzito wa kilo mia tisa, lingeweza kuvutwa na pikapu ya idara yenye injini ya lita moja na nusu, katika barabara zote za wilaya, bila hofu wala mashaka. Tela la uzito huo halikuhitaji breki zake lenyewe. Watumishi waliombwa wasisambaze maneno yanayopingana na waraka huo.

Waraka ulibandikwa kwenye mlango wa stoo kwa pini nne, moja kila kona, kama kitu kinachoweza kutoroka. Wa kwanza kuusoma mpaka mwisho alikuwa dereva wa pikapu yenyewe. Aliusoma mara mbili, midomo ikimcheza, kisha akazunguka nyuma ya jengo, akaishika shingo ya tela kwa mikono miwili na kujaribu kuinyanyua. Haikunyanyuka. Akarudi kumalizia chai yake.

Pale idarani walimwita Gia Mbili. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameshuka kila mteremko kwa gia ya pili, awe amebeba chanjo, awe amebeba maiti, awe amebeba hewa tupu. Vijana wa maabara walikuwa wakimtania: "Mzee, sasa hata gari la maiti linatupita."

"Liache lipite," alikuwa akijibu. "Hilo limezoea kufikisha watu wasio na haraka."

Hakuwahi kugonga hata kuku. Jambo hilo halikuandikwa kwenye faili lake, maana fomu haina nafasi ya mambo yasiyotokea. Jioni alirudi kwake kwa miguu, mwendo wa dakika arobaini, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine yeyote kwenye usukani. Mkewe, fundi wa kushona sare za shule, alikuwa akisema kwamba mumewe amefunga ndoa na gari ila gari ndilo halijui.

Tela lilikuwa jeupe, jipya, linanukia rangi. Ndani mlikuwa na kiti cha mgonjwa cha chuma, mashine ya kupimia macho, kabati la miwani, jokofu, jenereta, na kule mwisho kabisa tangi la maji la lita mia tatu. Fundi wa rangi alikuwa amechora jicho moja kubwa kila ubavu, na kwa sababu ambayo hakuna aliyemuuliza, hakulitia kope. Siku ya kwanza ya majaribio Gia Mbili alitazama kioo cha pembeni akaliona linamtazama. Lilikuwa linachungulia kidogo, halafu linajificha.

Shida ya kwanza ilikuwa ya sura. Tela lilipofungwa, pikapu ilichuchumaa nyuma na kuinua pua, ikawa kama mbwa anayeomba mfupa. Mkuu wa idara aliiona kutoka dirishani, na hakufurahi. Wageni wangekuja, picha zingepigwa. Akaagiza mzigo usawazishwe. Mtunza stoo, mtu mwepesi wa kutii, alivihamisha vitu vizito vyote, jenereta, jokofu na kabati, akavisukuma nyuma ya tela, karibu na tangi. Pikapu ikainuka, ikakaa sawasawa kama meza. Watu wakatoka maofisini kuja kuisifu.

"Umeona sasa?" mkuu akamuuliza dereva.

"Nimeona, mkuu. Ndiyo maana naogopa."

"Unaogopa nini tena, mzee wangu?"

"Mzigo ukiwa mbele ya ekseli, tela linafuata gari. Ukirudi nyuma ya ekseli, tela linaanza kuwa na mawazo yake. Kwenye tambarare litanung'unika tu. Kwenye mteremko litasema."

Mkuu alimtazama kwa upole ambao watu huwapa wagonjwa. "Aliyeandika ule waraka ana shahada mbili."

"Sikatai. Lakini kwenye gari tutakuwa mimi na Sista."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema mkuu, akarudi ofisini. Methali hiyo imetumika sana katika utumishi wa umma. Haikueleza popote kwamba anayelisikia huvunjika nini.

Safari yenyewe ilipangwa kwenda bondeni, ambako watu themanini wenye mtoto wa jicho walikuwa wameandikishwa na kuambiwa wasubiri. Visima vya huko vilikuwa vimekauka, hivyo tangi lilijazwa mpaka likafurika. Mtunza stoo alipiga kofuli mlango wa tela ili vifaa visiibwe njiani, akautia ufunguo mfukoni, akatangulia na gari la mkuu.

Asubuhi ile mke wa dereva alimpigia pasi shati mara mbili.

"Leo wapi?"

"Bondeni."

"Na lile lijicho?"

"Nalo."

Alining'iniza shati mlangoni, akalitazama. "Ukifika unipigie." Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kumwomba hivyo. Dereva alikunywa uji wake akatoka.

Sista, muuguzi wa makamo mwenye maneno mengi, alikaa kando yake na boksi la lenzi mapajani; lenzi hazikuaminiwa kwa mtu mwingine. Alisimulia harusi ya mdogo wake kuanzia mahari. Kwenye kilomita ya kumi na tano alinyamaza.

"Baba, mbona usukani unacheza wenyewe?"

"Si usukani. Ni kule nyuma."

Kwenye kioo cha kushoto jicho lilitokea lote, likapotea. Likatokea kwenye kioo cha kulia. Dereva alipunguza mwendo, likatulia. Alipoongeza kidogo tu, likarudi kuchungulia, kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta nafasi ya kupita.

Juu ya mteremko alisimama, akaweka mawe kwenye magurudumu. Barabara ilishuka kilomita kumi na moja, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa. Kugeuza gari lenye tela hapo hakukuwezekana. Alikwenda nyuma, akalishika kofuli, akaliachia. Alitafuta bomba la kutolea maji, lilikuwa ndani. Akapiga simu.

"Mkuu, naomba mtu aniletee ufunguo. Nisogeze mzigo mbele, nimwage maji nusu."

"Umwage maji? Watu huku hawajaona maji wiki tatu. Mgeni rasmi ameshakaa. Au unataka uniandikie kwamba umekataa kazi?"

Gia Mbili aliitazama barabara. "Sijakataa, mkuu."

Alikata simu, akamfungulia muuguzi mlango.

"Shuka, Sista."

"Nishuke niende wapi?"

"Tembea. Uje nyuma, ubaki upande wa mwamba."

"Baba, kilomita kumi na moja? Na viatu hivi?"

"Vua."

Alimtazama usoni, akaona hakuna mzaha. Alishuka na boksi lake. "Basi tusubiri wote. Waje wenyewe na huo ufunguo wao."

"Wakija, watakuja na dereva mwingine. Huyo mwingine hatumii gia ya pili." Akayaondoa mawe.

Yaliyofuata tunayajua kutoka kwa muuguzi, aliyeyatazama kutoka juu mpaka kona ya tano ikamziba. Kona ya kwanza na ya pili gari lilishuka kama lilivyoshuka siku zote, injini ikilia kwa sauti nyembamba. Kona ya tatu mkia wa tela ulitoka nje ya barabara, ukarudi. Hakuona taa za breki zikiwaka. Baadaye dereva alieleza kwamba ukikanyaga breki wakati tela linayumba, umelipatia ruhusa. Kona ya nne tela lilikuwa linaisukuma pikapu waziwazi, na sauti ya injini ikapanda mpaka ikawa si sauti ya injini tena. Halafu kona ya tano. Halafu kimya kifupi, na mlio mrefu kutoka chini sana.

Alikimbia pekupeku. Pikapu ilikuwa imesimama kona ya sita, imegeuka imeelekea ilikotoka. Nyuma yake hapakuwa na ndoano ya tela, wala bamba, wala kipande cha chasisi kilichoshika ndoano. Ukingoni palikuwa na michirizi miwili na vioo vya miwani vimetapakaa. Dereva alikuwa ameketi wima, injini imezimwa, gia iko kwenye mbili, mikono yote kwenye usukani.

"Baba?"

"Sista," akasema taratibu, "nisaidie kuifungua hii mikono."

Alimfungua kidole kimoja kimoja. Kisha akampigia mkewe, akamwambia hajafika, lakini yupo.

Wale themanini walisubiri mpaka jioni, wakarudi makwao wakishikwa mkono kama walivyokuja. Kamati iliundwa. Ilikaa siku tatu, ikaona kwamba tela lilikidhi masharti yote, kwamba pikapu ilikidhi masharti yote, na kwamba dereva, kwa kung'ang'ania gia ya pili, aliinyima injini nafasi ya kufanya kazi yake. Alihamishiwa getini. Hulifungua taratibu, hulifunga taratibu, na madereva wapya humpigia honi. Muuguzi humletea chai, na sasa naye hurudi nyumbani kwa miguu.

Waraka haukufutwa. Mwezi uliofuata mnunuzi wa vyuma chakavu alilivuta tela kutoka korongoni na kulipima kwenye mizani yake kabla ya kulikata. Stakabadhi, ambayo idara imeitunza vizuri, inasema kilo elfu moja mia nne na kumi. Wakati huo halikuwa na tangi, jokofu, jenereta wala mlango, na gurudumu moja halikupatikana.