Sketi ya Korongo

Harufu ya pasi ya mkaa na mafuta ya cherehani ndiyo iliyonilea pale Sirari, katika kibanda cha shangazi yangu Bhoke, fundi wa sare za shule. Mwaka niliokuwa darasa la tano, Mwalimu Akinyi alileta jambo lisilojulikana kwetu: dansi ya baleti kwa ajili ya mahafali, wasichana wanane tukicheza korongo, mimi nikiongoza. Alimwonyesha shangazi picha kwenye simu, wanawake wembamba waliosimama juu ya ncha za vidole, sketi zao zimetanda kama sahani. Shangazi alicheka, akauliza kama wamevaa miavuli. Kisha akaomba kuiona tena.

Sketi ya kwanza aliishona kwa satini. Kwenye mazoezi niliruka, kitambaa kikanizonga miguuni, nikaanguka na kuchubuka goti mbele ya shule nzima. Zilibaki siku tatu. "Fundi Bhoke, tuache tu, wacheze na sare," mwalimu alisema kwa upole. Alfajiri iliyofuata shangazi alinipandisha bodaboda hadi Susuni, kwenye shamba la babu, ambako korongo wenye taji la dhahabu hushuka kuokota mahindi yaliyodondoka. Mwenda bure si mkaa bure. Tulilala kifudifudi kwenye majani yenye umande, ukungu ukipanda taratibu, hadi korongo mmoja akaruka na kufungua mbawa zote mbili juu yetu. Nilisahau kupumua. Shangazi alinibana mkono. "Umeona manyoya madogo ya chini?" alinong'ona. "Hayo ndiyo yanayoyabeba makubwa."

Tuliporudi, alifungua sanduku lake la bati, akatoa sketi ya ndani ya gauni lake la harusi, neti tupu, nyeupe, tabaka kwa tabaka. Akashika mkasi.

"Shangazi, hiyo si ya harusi yako?"

"Harusi iliisha siku ileile. Simama wima nikupime."

Neti ile ilitosha sketi yangu peke yake. Wenzangu walicheza na khanga nyeupe. Siku ya mahafali, jua la saa nne likiwaka uwanjani, nilikimbia hatua tatu nikaruka. Sketi ilifunguka yenyewe, ikanishikilia hewani, au ndivyo nilivyohisi. Wazazi waliokuwa wakizungumza waligeuka kutazama. Bibi mmoja mstari wa mbele alisimama, mikono kifuani. Nilimtafuta shangazi: alikuwa amefunika mdomo, akitazama kana kwamba sketi ile hakuishona yeye.

Leo nashona maleba ya wacheza dansi jijini Mwanza. Nina cherehani ya umeme na vitambaa ninavyoagiza kwa simu, na kazi yangu husifiwa: mshono umenyooka, marinda yamekaa. Nashukuru, lakini moyoni najua bado sijafika. Siku ile Sirari hakuna aliyetaja mshono. Waliona ndege.