Shoka la Shemeji na Mti wa Vipepeo

Kijijini kwetu mtu akichelewa kuamka huulizwa kama amelala kwa Jigede. Mwenyewe hachukii. Akisikia, huhamishia popoo anayotafuna shavu la pili, akasema wenye haraka wote wametangulia makaburini. Mkewe, Dalsi, alikwisha kumzoea. Akitaka kuni huenda mwenyewe, akirudi na mzigo kichwani Jigede humpa pole, tena pole ya kutoka moyoni.

Msitu wa upande wetu ulikuwa umegeuka michikichi mitupu. Kwenye shamba la Jigede ulibaki mti mmoja mkubwa, umekwewa na mmea wa kutambaa mpaka kileleni. Huko juu ndiko wanakotaga wale vipepeo wakubwa kama ndege. Viwavi wao hawali jani jingine. Mmea ukiondoka, nao kwaheri. Na mmea huo ndio alama ya ukoo wa Jigede, aliyorithi kwa wazee wake.

Borogo, kaka yake Dalsi, aliutaka mti uanguke ili apate pa kupanda michikichi yake. Kwetu shemeji haambiwi hapana. Jigede akasema vyema, shemeji, nitaukata mwenyewe wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika mgongo ukamkamata. Mgongo ulipopona, shoka likawa butu, na jiwe la kunolea halionekani, ingawa Dalsi alikuwa amelikalia. Watu walicheka, na Borogo akacheka nao, mpaka asubuhi aliyokuja na shoka lake mwenyewe.

Alimkuta Jigede chini ya mti, fulana imechanika, kifua kimechubuka. Mkononi ana jani bichi la mmea ule. Alilipokea shoka la shemeji yake kwa adabu, akalifunga lile jani kwenye mpini. Jani la ukoo wa mtu likifungwa juu ya kitu, kitu hicho hakiguswi mpaka mwenyewe alifungue.

Borogo alilitazama jani, akatazama juu. Shina lilikuwa tupu. Majani yote yalikuwa kule ambako hata vijana huogopa kufika.

"Umepanda wewe?"

"Nimepanda, shemeji."

"Wewe huyu, unayeletewa maji mkekani?"

"Kukukatalia ningeona aibu. Nikaona bora nipande."

Borogo alikaa chini akacheka hadi machozi. Kisha akasema mti uliomwamsha Jigede alfajiri, yeye hana nguvu za kuuangusha. Ubaki na wadudu wake. Akaenda zake, shoka akaliacha palepale na jani lake.

Dalsi, aliyekuwa amesimama kando, aliupima mti kwa macho kutoka shinani hadi kileleni.

"Baba watoto," alisema kwa upole, "kumbe unapanda. Basi kesho tutaanza na paa la jiko."

Jigede aliinua macho juu, kama anayetafuta wa kumtetea. Kipepeo jike alikuwa huko majanini, anataga, wala hana habari naye.