Jina Sikulitaja

Akina mama wa ushirika wetu hapa Birmingham walikuwa wanasema mkwe wangu alifutwa kazi ya ukocha kwa sababu timu ilifungwa sana. Na kufungwa ilifungwa, hiyo siwezi kukataa. Mwaka ule timu ya chuo ilifungwa mpaka mimi nisiyejua mpira nikiona tu vile anavua viatu mlangoni, najua leo ni tano. Basi wakinipa pole, "Mpira ndivyo ulivyo, Kukhu," maana wananiita bibi kama wajukuu wangu, mimi naitikia, "Ndivyo ulivyo, dada." Nimeitikia hivyo miezi mingi. Ulikuwa uongo.

Ngoja nianzie kwenye meza.

Kwetu magharibi mwa Kenya, mama mkwe na mkwe hawali meza moja. Hata mkono hampeani. Yeye akipita huku, wewe unapita kule nyuma ya nyumba. Sasa nikaja huku kumsaidia binti yangu na watoto, yeye ni nesi wa zamu, nikakuta jikoni kuna meza moja, na ukikaa unagusa ukuta huu na ukuta ule. Utamkimbilia wapi mkwe? Wiki ya kwanza nilikula nimesimama kwa sinki, nimempa mgongo. Wiki ya pili akasema, "Mama, keti tu. Wa nyumbani hawatuoni." Wee! Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Tangu hapo tukawa watu wa hadithi. Akitoka uwanjani namwekea ugali na sukuma, ananisimulia vijana wake. Alikuwa kocha mkuu, na kazi hiyo aliipata kwa jasho. Miaka mingi alibeba masanduku kwenye maghala huku akisomea vyeti vya ukocha. Siku alipoajiriwa alivaa ile jaketi ya chuo mpaka kanisani.

Jioni moja akaja, hakula.

"Baba, ugali unapoa."

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshiba nini, hewa?"

Akanyamaza. Na mimi mtu akininyamazia naumwa kabisa. Nikamchokonoa, nikamwongezea chai, nikamchokonoa tena, mpaka akasema. Kipa wake alianguka wakiwa mazoezini, akatetemeka, povu likamtoka. Kifafa. Mama yake anajua, chuo kinajua, dawa anazo. Lakini kijana alimlilia kocha, jamaa zao wengine wasisikie, kwa sababu kwao ukisema kifafa wanasikia pepo.

"Hii haitoki hapa jikoni, Mama. Hii ni kazi yangu."

"Mdomo wangu ni kaburi, baba."

Kaburi! Kesho yake asubuhi kaburi lilikuwa wazi.

Sisi akina mama tuna kikundi kwenye simu, na kila asubuhi mtu anatoa hitaji la maombi. Huyu goti, yule visa ya mtoto. Goti linapata amina mbili. Lakini ukileta mzigo mzito, amina zinamiminika, na watu wanasema Kukhu ana moyo wa maombezi. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kuandika ni taabu, kwa hivyo nabonyeza naongea. Nikabonyeza.

"Bwana asifiwe, akina mama. Nina mzigo. Jina sitalitaja, maana mambo ya watu ni siri. Tumwombee kipa wa timu ya mkwe wangu, yule Mkongo mrefu wa Nechells, mama yake anapika kwa nyumba ya wazee. Kifafa kimemwangusha uwanjani."

Na wewe unayesoma usimtafute, hapa nimebadilisha hata urefu.

Mjukuu wangu alikuwa anakula uji wake wa sanduku. Huyu Kiswahili anasikia, lakini anajibu Kiingereza. Akaniambia kwa hicho Kiingereza chake kwamba nimesema kila kitu isipokuwa jina. Nikamwambia amalize maziwa aende shule.

Amina zikaja. Nilizisikiliza zikilia ting, ting, ting, roho ikicheza.

Sauti yangu ikatoka kwetu ikaenda kikundi kingine, na kingine, mpaka ikafika kwa ndugu za mama wa yule kipa. Jumapili walikwenda nyumbani kwake na mafuta ya upako, kumtoa kijana pepo. Mtoto wa watu akajifungia chooni. Hakurudi chuoni wiki hiyo wala iliyofuata. Ndipo mama yake akaenda kwa wakubwa wa chuo, akaweka simu mezani, akaicheza ile sauti yangu. Mkwe wangu amekaa pale pale, anasikia "Bwana asifiwe, akina mama."

Alinieleza mara moja tu, amesimama, koti mkononi.

"Wakauliza ni sauti ya nani. Nikasema ya mama mkwe wangu. Wakauliza nani alimwambia. Nikasema mimi."

"Si ungesema nilisikia kwingine!"

"Niwe mwongo pia, Mama?"

Kufungwa walikuwa wanamvumilia. Hii hawakuvumilia. Barua ilikuja kabla wiki haijaisha. Binti yangu hakunigombeza. Kila asubuhi alinisalimia vizuri, kwa adabu, kama mgeni wa kanisa. Afadhali angenipigia kelele.

Mimi nikarudi kula kwa sinki, nimesimama, mgongo kwa mkwe.

Halafu Jumamosi moja tulikutana kwa dada mmoja kule Aston, karibu na uwanja mkubwa wa mpira, siku ya mechi, barabara yote imejaa magari. Mwenye nyumba akasema, "Tumwombee mkwe wa Kukhu. Kazi ya mpira haina shukrani." Vichwa vikainama. Mimi changu kikakataa.

"Ngojeni," nikasema. "Hakufutwa kwa kufungwa. Alifutwa kwa mdomo huu. Na nyinyi mlioisukuma mbele ile sauti, mnajijua."

Hapo hapo uwanjani wakafunga bao. Kelele ikatikisa dirisha. Siku nyingine tungekufa kwa kicheko. Hakuna aliyecheka.

"Lakini Kukhu, wewe ulikuwa unaomba tu," dada mmoja akasema.

"Nilikuwa nasimulia," nikamjibu.

Nilitaka niende Nechells nimpigie yule mama magoti. Mkwe akakataa. "Usiende, Mama. Ukienda, majirani watauliza wewe ni nani." Kweli. Hata msamaha wangu ungekuwa na mdomo.

Siku hizi amerudi kwenye maghala, kule Tyseley. Anakuja, anakula, anasema, "Leo kuna baridi, Mama." Nami nikiwa kwa sinki nasema, "Baridi kweli, baba." Basi.

Juzi akasema, "Mama, keti."

Nikaketi. Akamega ugali, akauzungusha kidogo. "Kuna jamaa huko kazini..." Macho yake yakaenda kwa simu yangu, kando ya bakuli la sukuma.

Nikainuka, nikaichukua ile simu, nikaitia ndani ya mkebe wa unga, nikafunika, nikaketi tena. Akauangalia mkebe. Upande mmoja wa mdomo wake ukacheza kidogo. Halafu akala tonge, na lingine, mpaka sahani ikaisha, na mambo ya yule jamaa hakuyamalizia.

Sikuuliza.