Mwinjilisti wa Eastleigh na Barua Aliyoificha

Saa tatu kasorobo asubuhi, Nzivo Matheka anafungua sanduku la posta la kanisa lake na kutoa barua sita. Hasomi majina palepale. Anazitia kwenye mfuko wa shati, anafunga kifungo, kisha anashika njia ya kurudi Eastleigh kwa miguu.

Mbili ni za kanisa. Nne ni za wakimbizi wa Kisomali wasio na sanduku wala kitambulisho cha kuwawezesha kulikodi. Nzivo, mwenye umri wa miaka 58, amekuwa tarishi wao tangu mwaka 1992.

"Wakiniona kwenye ngazi, wengine hufunga mlango," asema. "Siwalaumu. Nimewaletea misiba mingi."

Hakutumwa kupeleka barua. Kwa miaka kumi na minane aliendesha lori la unga kutoka Industrial Area hadi Garissa. Vita vilipowaleta Wasomali Nairobi, wazee wa kanisa walimwomba awe mwinjilisti kwao, wakidhani anajua lugha yao.

"Nilijua kusalimu na kuagiza chai," akiri.

Miaka mitano baadaye, familia arobaini na tatu zinamtegemea. Hakuna hata mtu mmoja kati yao aliyebatizwa, na kila Januari wazee humwuliza sababu. Yeye huwatajia wagonjwa aliowapeleka hospitali na watu aliowatafutia vyumba. Posho yake imepunguzwa mara mbili. Mkewe, Kalekye, huuza sukuma wiki ili nyumba isilale njaa.

Lakini si hayo yanayomkosesha amani.

Februari mwaka jana ilikuja barua ya Batulo, mwanamke wa miaka 24 anayeishi ghorofa ya tatu katika jengo lililo nyuma ya kanisa. Batulo hajui kusoma. Kwa kawaida Nzivo alimpelekea barua akiwa na Gedi, fundi cherehani Msomali, ambaye ndiye aliyemsomea. Safari hii mwandiko haukuwa wa kaka yake, aliyezoea kumwandikia kutoka Kismayu. Nzivo akaingiwa na hofu, akamwomba Gedi aifungue kwanza.

Mistari ya mwanzo ilisema kaka huyo ameuawa.

Batulo alikuwa na mimba ya miezi minane, na mimba mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Nzivo alimkatiza Gedi hapohapo, akaikunja karatasi. Gedi alishikilia kwamba barua si yao, mwenyewe apewe. Walibishana penye cherehani ya Gedi hadi wateja wake wakaanza kuwatazama. Mwishowe Nzivo akaitia ndani ya Biblia yake, akasema atampa akishajifungua.

Ilikaa humo siku kumi na tisa. Mara nne Batulo alimwuliza kama kaka yake ameandika. Mara nne Nzivo akasema hapana.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Alipofikisha siku nane, wanaume hao wawili walipanda ngazi. Gedi alisoma, Batulo akalia, kisha Gedi akageuza karatasi.

Upande wa pili jirani aliyeiandika alieleza kwamba, baada ya mazishi, alimvusha mama yake Batulo mpaka wa Kenya. Mama huyo alikuwa katika kambi ya wakimbizi ng'ambo ya Garissa, hali yake mbaya, akiomba kumwona binti yake.

Alfajiri iliyofuata Batulo alipanda basi na kichanga chake. Nzivo alimsindikiza kituoni, lakini Batulo alikataa kubebewa mzigo. Alipofika kambini, mama yake alikuwa amezikwa siku tano kabla.

Aliporudi Nairobi alisimama mlangoni pa Nzivo, Kalekye akiwepo.

"Mzee," alisema, "hakuwa mama yako."

Tangu siku hiyo hajamsemesha. Wakikutana njiani, humsalimu Kalekye peke yake.

"Nilidhani nalinda mtoto," Nzivo asema, akitazama mikono yake. "Pengine nilimlinda. Lakini nilimdanganya mama yake usoni, na mimi ni mtu wa kuhubiri. Naona aibu hata kuomba dua mbele ya watu."

Kalekye amemsihi waache yote warudi kwao Mbooni. Amekataa. Siku hizi kila barua hufika kwa mwenyewe siku ileile, ikiwa imefungwa kama ilivyotoka posta.

Tangu Mei, kila Jumanne alasiri, Gedi hufunga cherehani yake na kuwafundisha wanawake kumi na mmoja kusoma Kisomali katika chumba kidogo cha kanisa. Wazo lilikuwa la Nzivo. Anataka kila mmoja wao aweze kufungua barua yake na kuimaliza, pande zote mbili, bila kumsubiri mtu.

Batulo hajaja. Nzivo amemtuma Gedi amwambie kwamba, ikiwa kinachomzuia ni yeye, hatamkuta ndani.

"Nitafungua mlango, nipange mabenchi, nitoke," asema. "Akijua kusoma bila kuniona, nitashukuru."