Alama ya mukono yangu ku tour ya atelye: safari ya Kalundu mpaka Bukavu

Wakuu, salamu toka Bukavu.

Hii ilinipata mimi mwenyewe, miaka ya mwisho ya Wabelgiji, kidogo mbele ya dipanda, uhuru yetu. Sikusoma sana, na kichwa imezeeka. Lakini niko na kaye, daftari yangu ya wakati ule. Pale nasema sijui, mujue kweli sijui.

Nilikuwa musaidizi mu atelye moja hapa, karakana ya chuma. Nilifagia vipande vya chuma, nilibeba mafuta.

Siku moja chef, mukubwa wetu Mubelgiji, akasema tour mupya imefika na meli ku Kalundu, pale Uvira. Tour ni mashine ya kuchonga: chuma inazunguka, kisu inaikula pole pole. Akaniambia, "Ukiileta muzima, utajifunza kazi juu yake."

Tangu pale hata njaa sikusikia.

Tulienda wawili, mimi na Papa Mugisho, shofere. Tuliisukuma juu ya mabomba mpaka ndani ya kamio, lori yetu, nusu ya siku. Uzito yake siwezi kusema. Kaye inasema "nzito sana" tu.

Chef alitukataza kitu moja: tusifungue turubai. Chuma yote ilipakwa grese nzito ya kuzuia kutu.

Kufika Luberizi, kamio ikazama mu matope kando ya mashamba ya muchele. Papa Mugisho akaenda kuita watu wa kutusukuma. Nikabaki peke yangu na ile mashine.

Wakuu, nilitaka tu kuona sura yake.

Nikainua turubai. Nikapangusa grese na shati yangu, pahali pa ukubwa wa sahani. Chuma ikangaa mpaka nikaona meno yangu ndani. Nikaweka mukono, yote jasho. Chuma ilikuwa baridi, hata na jua ile yote. Nikaiacha pale, sijui muda gani.

Nikasikia watu wanakuja. Nikafunika mbio, grese sikurudisha.

Kupanda mulima ya Ngomo, mvua. Nilitembea nyuma na gogo, naiweka chini ya gurudumu kila mara kamio inachoka. Papa Mugisho ananicheka ku dirisha.

"Wee, unachunga hii chuma kama bibi-arusi."

"Imeshanikubali, Papa."

"Ngoja kwanza ikuonyeshe tabia."

Siku ya tatu tukapita Mumosho, tukaingia Bukavu. Wenzetu wakapiga makofi. Chef akatoa turubai, akainama.

Juu ya chuma kulikuwa kutu nyekundu: kiganja na vidole vitano.

Akageukia Papa Mugisho. "Muzigo ilikuwa yako. Leo utaacha kamio."

Papa Mugisho alijua. Tangu Luberizi alikuwa ameona shati yangu na ile grese. Lakini aliangalia kofia yake tu.

Mimi nikasogea, nikaweka mukono yangu juu ya ile alama. Ikaingia sawasawa.

Niseme haki: chef hakuwa mubaya. Alinionya mbele. Papa Mugisho alibaki na kamio yake, na mimi sikufukuzwa. Nilitumwa ku forge, kufua chuma ya moto, ngambo ya ukuta. Tour akapewa Byamungu mwenzangu, na Byamungu alijua kazi, pengine kunipita.

Miaka yote nilisikia sauti ya ile tour kupitia ukuta. Nilijua saa inachonga shaba, nilijua saa kisu imechoka. Mukono yangu ilikuwa na nyundo, masikio iko kule.

Byamungu alisugua ile kutu, ikabaki kivuli. Saa ya chakula ananichokoza, "Mukono yako iko inanichunga, ndugu."

Nilichojifunza: kitu unapenda sana, acha ifunikwe mpaka siku yake. Naandika hivi, halafu najishuku. Nikirudishwa Luberizi leo, peke yangu na ile turubai, siwezi kuapa kama sitainua.

Wenye mulifanya kazi mu atelye, munaona namna gani? Na kama kuna mutu anajua ile tour iliishia wapi, aandike hapa chini. Siitafuti juu ya kitu kingine. Nataka tu kujua kama kivuli ingali pale.